Hakuna Sindano, Bibi

Jumatatu, 5 Februari
Zahanati imefurika. Mvua, mbu, homa! Tabibu Leodgar yuko semina Tabora mjini, nimebaki muuguzi peke yangu na kitabu cha mwongozo. Kila mtoto nimemuulizia dalili zote za hatari, neno kwa neno: anakunywa? anatapika kila kitu? amepata degedege? Bi Zuena kamleta mjukuu wake, Majidi — mama yake yuko Igunga, anapandikiza mpunga. Kipimo kikaonyesha malaria. Degedege? Hapana mwanangu, homa tu. Nikatoa dawa ya mseto, wakaondoka. Mtoto alinuka moshi mzito. Nikadhani wa jikoni.

Jumanne, 6 Februari
Dafrosa, mhudumu wa afya wa kitongoji, kanicheka bombani. Moshi wa jikoni! Kile ni kinyesi cha tembo, mtoto akishikwa na degedege anafukizwa kwanza. Na hakuna bibi atakayekutajia. Ukijua utachoma sindano, na wa degedege akichomwa hufa — ndivyo wanavyoamini.

Ilikuwa rufaa ya hospitali palepale, nami nimemrudisha nyumbani na vidonge! Nimekwenda kwao mbio. Kufuli mlangoni. Jirani anasema wako shambani. Na mtoto mgonjwa? Mungu wangu.

Jumatano, 7 Februari
Nimewakuta alfajiri. Majidi hanywi hata maji. Ukimwita, macho hayageuki.

Shikamoo sikumaliza hata kuisema. Twende hospitali, bibi! Akamfunika kwa kanga. Mwanawe wa kwanza alikuwa na degedege, akachomwa, akamfia mapajani. Hataki sindano. Nikamwonyesha dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, mwongozo unairuhusu kabla ya safari. Hakuna sindano, bibi. Akakubali, nikamwekea.

Gari la wagonjwa halikupatikana. Tukapanda pikipiki, mshikaki: dereva, Bi Zuena na mtoto, mimi nyuma. Tope hadi magotini. Tulipopita Kigwa Bi Zuena akageuza shingo: na huko mjini, hawamchomi?

Ningesema kweli angeshuka. Najua angeshuka!

Nikasema hawamchomi.

Jumatano hiyohiyo, mchana, wodini
Wamemchoma. Ilibidi — kwenye mshipa, tena haraka. Bi Zuena hakupiga kelele. Heri angepiga! Wala hakumtazama nesi mwenye sindano. Alinitazama mimi.

Kaketi upande wa pili wa kitanda, kamshika mtoto mkono. Maji niliyomletea hajayagusa. Daktari kasema tusubiri. Degedege halijarudi, lakini Majidi hajafumbua macho.

Akiamka, labda kina bibi watanitajia degedege bila kuficha. Asipoamka ni sindano iliyomuua, na aliyeleta sindano ni mimi, na uongo juu yake. Nani ataniletea mtoto tena? Watawafukiza mpaka wawafie ndani. Lakini sijui kwa nini nawaza ya kijiji kizima. Ninayemwogopea yuko hapa, kalala na kaptula yake nyekundu. Naogopa mno. Nimesali Salamu Maria, nimeishia katikati, nimeanza upya.

Sasa hivi Bi Zuena kasema neno la kwanza tangu asubuhi. Mkono wake umepoa.

Homa inashuka, bibi, nimemjibu.

Kaninyooshea ule mkono wa mtoto, niushike mwenyewe.

Bado naandika. Naogopa kuugusa.