Cheti cha Mwalimu Martini

Zinga,
24 Februari 2025

Mwanangu Skolastika,

Marahaba naitoa kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia. Hilo angalau nililokufundisha halijapotea. Mimi sijambo. Goti la kulia linanisumbua, lakini linapiga magoti kanisani kama kawaida. Natumaini wewe na mumeo mu wazima huko Chalinze.

Nakuandikia kwa sababu simu ni ya kuulizia kama basi limefika. Ijumaa iliyopita nilipita Chalinze nikitoka Morogoro. Basi liliposimama nikakuona. Ulikuwa katikati ya madereva wa malori, umevaa fulana ya kijani iliyoandikwa "Jipime, Jilinde", unawagawia watu wazima mipira ya kiume kama mtu anayegawa karanga. Mmoja akasema jambo, wote wakacheka, nawe ukacheka. Abiria wa jirani akaniuliza, "Mzee, yule dada ni wa serikali?" Nikamwambia simfahamu.

Nimesikia pia habari za vidonge mnavyowapa wahudumu wa baa wavimeze wakiwa wazima, ili wasiambukizwe. Nimefundisha miaka thelathini na nane na sikuwahi kumpa mwanafunzi majibu ili asifeli. Ninyi mnaitandikia dhambi godoro, kisha mnaita kazi.

Hapa parokiani tuna njia moja na inatosha. Anayetaka kufunga ndoa analeta cheti cha kupima VVU mbele ya kamati ya ndoa. Mimi, mwenyekiti, nakisoma. Asiye salama anarudi kwao. Hatuna bango wala spika za muziki.

Jambo la mwisho ni la furaha. Nimemposa Mama Joachim, yule mjane mwenye duka barabarani, naye amekubali. Ndoa ni Jumamosi, tarehe 3 Mei. Uje. Fulana ile iache Chalinze.

Baba yako,
Martini


Chalinze,
3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti lipake mafuta ya moto na usiliambie Mungu peke yake, mwambie na daktari.

Yule dereva alisema hawezi kusubiri kupimwa, nyanya zake zitaoza. Nikamwambia nyanya zikioza tajiri atanunua nyingine. Wakacheka, naye akakaa akapima. Kazi yangu yote ni hiyo, Baba: kumfanya mtu mwenye haraka akae dakika ishirini. Ningemsomea hotuba angewasha lori.

Njia yenu moja naijua pia. Mwaka jana mlimrudisha yule fundi wa pikipiki. Ulisoma cheti chake kwa sauti, watu tisa wakasikia ana virusi. Mchumba wake alikuja kulia kwangu na ndiye aliyeniruhusu nikwambie. Kabla ya siku ile kijana alikuwa akinywa dawa kila siku, virusi vikawa havionekani tena kwenye damu yake, asingeweza kumwambukiza. Baada ya kamati yenu aliona aibu hata kukanyaga kliniki. Sasa wanaishi pamoja bila ndoa na bila dawa. Umekiita hicho usalama. Sisi kazini tungetakiwa kuandika barua ya kujieleza.

Mama Joachim nampenda. Mama yangu alipofariki, yeye alilala nasi siku tisa, akapika, akafua, hakuna aliyemwomba. Kwa ajili yake nakuomba jambo moja. Mwaka jana ulitokwa na malengelenge ya mkanda wa jeshi ubavuni. Krismasi nilikuona suruali umeibana kwa kamba. Hayo mawili yakiwa pamoja, sisi tunampima mtu bila kumuuliza anasali wapi. Nendeni mkapime, wewe na yeye, siku moja, chumba kimoja.

Mwanao,
Skolastika


Zinga,
17 Machi 2025

Skolastika,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikiwa na afya usiyotaka niwe nayo.

Mkanda wa jeshi huwapata wazee. Suruali zimelegea kwa sababu ninapika mwenyewe. Mtoto kumwambia baba yake akapime ugonjwa wa baani ni jambo ambalo bibi yako angelimaliza kwa fimbo. Wewe umeliandika kwa kalamu ya bluu na kulibandikia stempu.

Hata hivyo, sheria niliyoiweka ninaifuata. Jumatatu iliyopita nilikwenda zahanati. Anayepima ni Herman, ambaye nilimfundisha hesabu darasa la saba. Aliponiona alisimama, akafuta kiti kwa mkono wake.

"Nimekuja kuchukua cheti cha kipimo kwa ajili ya ndoa," nikamwambia.

"Mwalimu, hata wewe?"

"Kamati ni kamati, Herman."

Akacheka, akavuta kitabu, akajaza, akagonga muhuri. "Siwezi kumchoma Mwalimu wangu," akasema. "Mkono hautakubali." Dakika tano nikawa nje. Kumbe adabu haijaisha yote katika nchi hii. Imewakimbia wavaa fulana tu.

Cheti kimesomwa mbele ya kamati. Nimekisoma mwenyewe. Mama Joachim naye alileta cha kwake. Yeye alichomwa, maana Herman hakusoma kwake. Jambo limekwisha.

Baba yako,
Martini


Chalinze,
24 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Herman hakukuheshimu. Alikuogopa, kama alivyokuogopa darasa la saba, na kwa woga huo amegonga muhuri juu ya uongo. Mama Joachim ametoa damu. Wewe umetoa shikamoo ya Herman. Mwanafunzi akileta karatasi ambayo hakuifanya, ulikuwa ukimwita nani mbele ya darasa? Nakumbuka vizuri, nilikuwa dawati la tatu.

Yupo dada mmoja wa baa hapa, mmoja wa hao unaosema tumewatandikia godoro. Kila miezi mitatu anapima, na kila asubuhi akimaliza kupiga mswaki anameza kidonge chake cha kinga. Anaijua hali yake kuliko kamati nzima ya parokia.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni kipimo cha kujipima mwenyewe. Hakina sindano, wala hutamwona Herman. Usile wala kunywa kwa robo saa. Pitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, kitumbukize kwenye kichupa, subiri dakika ishirini. Ukiona mstari mmoja, nitakuja harusini nipige magoti mbele ya wageni nikuombe radhi. Ukiona miwili, bado si hukumu. Utakwenda wakahakikishe kwa damu.

Mwanao,
Skolastika


Zinga,
12 Aprili 2025

Skolastika,

Marahaba. Salamu za afya leo niziache.

Kipimo chako nilikitumia Jumanne asubuhi. Nia yangu ilikuwa kukurudishia kikiwa na mstari mmoja ndani ya bahasha, bila neno. Nikaweka saa mezani kama siku ya mtihani. Dakika ya kumi na mbili mstari wa pili ulianza kujitokeza. Dakika ya ishirini ulikuwa kama umechorwa kwa rula.

Bila shaka ni kitu kibovu. Kinachogawiwa bure barabarani hakiwezi kuwa kizima. Nimekisoma kikaratasi cha maelezo mara nne nikitafuta nilipokosea, au walipokosea wao. Sijapaona.

Sasa nisikilize. Kadi zimegawiwa. Ndoa imetangazwa kanisani mara mbili. Baada ya harusi nitatafuta dawa mbali, hata Dar, kimya kimya. Mama Joachim ana miaka hamsini na mmoja. Hana haja ya kutiwa hofu uzeeni. Ninyi mnajisifu kwa kutunza siri za madereva na makahaba. Basi tunza na ya baba yako. Hilo si ombi.

Baba yako,
Martini


Chalinze,
16 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Pole. Nimelia kidogo, kisha nikanawa uso ndipo nikaandika.

Sikuulizi ugonjwa uliupata wapi. Mama ana miaka kumi na minne kaburini, nawe ulibaki mgane ukiwa na miaka hamsini na minne. Hukuwa sanamu.

Nenda ukahakikishe. Wakithibitisha, anza dawa siku hiyohiyo. Usingoje harusi yoyote. Ni kidonge kimoja kwa siku. Baada ya miezi sita watapima wingi wa virusi. Visipoonekana, na ukaendelea kunywa bila kuruka, hutamwambukiza mke wako. Kabla ya hapo kuna mipira, na kwake yeye kuna vidonge vya kinga, akivitaka. Hawezi kuvitaka asipojua.

Dereva akiniambia mkewe hana haja ya kujua, mimi humwangalia tu mpaka aone haya. Wewe upo mbali, na ni baba yangu. Umewasomea watoto wa watu vyeti vyao kwa sauti, na chako unataka kimezwe kimya na mwanamke mmoja.

Sitamwambia mimi. Siri ni yako hata ukiitumia vibaya. Lakini tarehe tatu sitakuja kumpigia vigelegele Mama Joachim huku najua asichokijua. Sina uso huo.

Mwanao,
Skolastika


Chalinze,
5 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Juzi, Jumamosi, nilibaki nyumbani. Simu yako haipokelewi. Sijamuuliza mtu yeyote wa Zinga, kwa sababu sijui niulize nini bila kusema. Niandikie neno moja, ulioa au hukuoa. Kama unakunywa dawa, andika na hilo.

Mwanao,
Skolastika


Zinga,
30 Juni 2025

Mwanangu Skolastika,

Marahaba. Umengoja wiki nane. Sikuwa na la kuandika ambalo ningekubali kulisoma tena.

Ndoa haikufungwa.

Jumanne baada ya Pasaka nilirudi kwa Herman nikamwambia afunge mlango.

"Herman, ulinipa cheti bila kipimo."

"Mwalimu, nilikuheshimu."

"Uliniogopa, nami nikafurahia kuogopwa. Choma."

Alikosea mara ya kwanza, akachoma kidole tena. Majibu unayajua. Alilia yeye, ikanibidi mimi mgonjwa nimpe leso. Siku ileile nilianza dawa Bagamoyo. Nakunywa saa tatu asubuhi, na sijaruka hata siku moja. Suruali mbili sasa hazihitaji kamba. Hukuniuliza nilikoupata ugonjwa, nami sitakujibu.

Alhamisi nilikwenda dukani kwa Mama Joachim. Nilisubiri mteja amalize kununua sembe, kisha nikasema yote nikiwa nimesimama. Yeye aliendelea kupima sukari na kufunga mifuko. Nikamweleza dawa, miezi sita, vidonge vya kinga, vyote kama ulivyoniandikia.

"Hayo nayajua," akasema. "Mdogo wangu anaishi na virusi mwaka wa kumi na mbili huu. Ana mume mzima na watoto watatu wazima. Ungeniambia twende tukapime wote, tungekwenda."

"Basi," nikasema, "kama unayajua..."

"Basi nini, Mwalimu? Ugonjwa haunitishi. Mimi nilikaa mbele ya kamati yako na kidole kimechomwa. Wewe ukasimama ukasoma cheti chako kwa sauti ya kusomea Injili, na ulijua kidole chako hakijachomwa."

"Siku ile sikujua kama naumwa."

"Hukujua. Na hukutaka kujua, mradi mimi nijulikane." Akafunga mfuko, akauweka kwenye rafu. "Mwanamume mwenye virusi ningeolewa naye. Mwenye cheti kile, hapana."

Mteja mwingine akaingia, naye akamgeukia.

Nilijiuzulu uenyekiti mbele ya kamati na nikawaeleza sababu, neno kwa neno. Mmoja akapendekeza tusali. Nikawaambia wakapime kwanza, wote tisa, ndipo wasali, hakuna aliyenyanyuka. Wiki iliyofuata walimchagua mwenyekiti mpya, na Jumapili akawasomea vijana vyeti vyao kwa sauti, kama mimi. Ni watu wa bure kabisa, Skolastika, na saba kati yao niliwafundisha mimi.

Dukani kwa Mama Joachim narudi. Ananiuliza, "Nikupe nini, Mwalimu?" kama anavyomuuliza kila mtu. Nasema sabuni, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango. Ananipa, anasema karibu tena. Mpaka leo nina vipande kumi na saba ndani, nami ni mtu mmoja ninayefua mara moja kwa wiki.

Baba yako,
Martini