Mama Mkwe Kapewa Kucheza Mke Wangu

Mpendwa Anti Bernadeta, shikamoo, nisaidie kabla sijahama mji. Mimi nauza mitumba Mkuyuni, shule niliachia darasa la nne, lakini jukwaani ni moto, kikundi chetu hatuchezi hadithi za machifu, tunatunga wenyewe michezo mipya ya mambo ya sasa hivi, na Mwanza nzima hakuna kama sisi, watu wanajaa mpaka madirishani. Sasa huu mpya ni wa mwanaume aliyepunguzwa kazi kiwanda cha pamba akamficha mkewe habari hiyo, mwanaume ndiyo mimi, na dada aliyecheza mke kajifungua, basi nikiwa nimevuka Sengerema kuuza nguo, kiongozi wetu Wilhelmina, Mhaya, akampa nafasi mama mmoja mgeni, kurudi nakuta ni Mama Sabina, aliyemzaa mke wangu. Anti, sisi Wasukuma mama mkwe humshiki mkono, humkazii macho, mkikutana njiani unapisha. Mama kuniona akajifunika khanga, halafu akasema maneno ameshayashika, harudi nyuma. Wilhelmina naye anasema jukwaani hakuna mkwe. Mazoezini mama akanifokea, "Nitazame usoni, mwanaume wewe," nikainamisha kichwa jasho linanitoka, wenzangu wakapiga makofi wakidhani naigiza aibu ya kukosa kazi. Hapo nilijisikia mkubwa, sikatai. Shida ni mwisho wa mchezo, namshika mikono kuomba msamaha, na Jumamosi tunacheza Kisesa, kwao, baba mkwe mzee Malimi atakuwepo na hajui anayecheza mume ni mimi. Nikimshika nimevunja heshima, nisipomshika mchezo umekufa. Mke wangu anacheka tu. Nifanyeje?

Shigela, Mkuyuni

Marahaba Shigela. Pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikamwagika. Punguza kujisifu, makofi yale ulipigiwa adabu uliyolelewa nayo. Na huyo mama unayemwogopa ni jasiri kukuzidi, kakubali kumfokea mkwe wake mbele za watu ili mchezo wenu usife, wewe unawaza kukimbia. Ijumaa nenda Kisesa na mkeo, kaa na mzee Malimi, mweleze mchezo wote asije akashtukia uwanjani. Halafu badilisheni ule mwisho, si mnatunga wenyewe? Piga magoti mbali naye, macho chini, omba msamaha hapo hapo ulipo. Kisesa watakuelewa zaidi kuliko kama ungemshika mikono. Wilhelmina akibisha, mwambie aje kwangu. Ila nafasi hiyo usiiache, maana watu wetu wanapunguzwa kazi kila siku na hakuna mwingine anayewasemea jukwaani. Makofi yakilia, mpishe mama mkwe atangulie mbele, wewe simama nyuma yake.