Goli Nililolikataa

Brussels, Jumanne

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kutembea mpaka msikitini, nikafurahi sana. Sisi hapa Molenbeek wazima, ila mimi tangu Jumamosi situlii. Nakaa, nainuka, chai inapoa mezani. Wewe uliyechezesha mpira Morogoro miaka yote ile utanielewa.

Unajua mwaka huu nimeanza kuwa refa wa hoki ya barafuni, ligi ya ridhaa ya wanawake. Jumamosi timu zilikuwa sare, imebaki dakika moja. Mshambuliaji akaangukia ndani ya lile eneo la buluu mbele ya goli, akamgonga kipa miguuni, na kile kisahani wanachochezea kikaingia wavuni. Nikapunga mikono: si goli. Sheria inasema pale kipa asizuiwe kufanya kazi yake.

Nahodha wa timu ya yule mshambuliaji, Griet, akanifuata taratibu.

"Amesukumwa na beki wao. Hukuona?"

"Nimeona alivyomgonga kipa."

"Na kabla ya hapo?"

Kama beki ndiye aliyemsukuma, mshambuliaji hana kosa, na goli ni halali. Ligi yetu haina kamera za marudio. Timu ya Griet ikafungwa kwa penalti, ikashuka daraja.

Jioni ile mume wangu, Hamisi, akanionyesha video aliyopiga kwa simu akiwa jukwaani. Mikono ya beki iko mgongoni mwa yule dada, wazi kabisa.

"Matokeo hayabadiliki," Hamisi akasema. "Ifute tu."

Jumapili nilizunguka sokoni, pale kituo cha treni cha Gare du Midi, asubuhi nzima, nikarudi na kikapu kitupu. Jana nikaituma video kwa mkuu wa marefa, kisha nikampigia Griet. Mkuu amejibu kwamba matokeo yanabaki yalivyo, nami nitapumzishwa hadi msimu ujao. Griet nilimweleza yote yanayoonekana kwenye video.

"Nitawaambia wenzangu," akasema mwishowe. "Ila usitegemee shukrani."

Nisalimie Mama, shangazi Zuhura na cherehani yake, na kaka Idi pale kwa kinyozi.

Baba, hukuwahi kutusimulia hata kosa lako moja la uwanjani. Utotoni niliamini hukuwa nalo. Ukiniandikia, nisimulie moja tu, na ulilalaje siku ile.

Binti yako,
Rehema