Mzizi Niliompelekea Bi Hellen

Kisesa,
20 Februari 1994

Dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto hapo Nansio. Mimi sijambo, bado nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Ila mama ananitia wasiwasi. Umeandika kwamba mguu aliojikata kwa jembe umeanza kunuka, na kwamba ameacha kwenda zahanati kusafishwa kwa sababu anangoja kopo la dawa ya mjomba Ndalahwa.

Mjomba hajambo. Siku hizi biashara ni ruksa, basi naye amejiita Daktari. Amenunua koti jeupe la mtumba lenye jina la mtu mwingine kifuani, analivaa huko Igoma akiuza unga wa mzizi wa vidonda. Anawaambia watu kuwa babu alimwonyesha mzizi huo ndotoni na kwamba anauchimba mwenyewe. Dada, tangu nifike hapa sijamwona akishika jembe. Ninayechimba ni mimi. Mwiko unaujua: mchimbaji hasalimii mtu njiani wala haitikii salamu mpaka dawa ifike inakokwenda. Mjomba hawezi kupita mbele ya watu bila kujisifu, kwa hiyo alisema kazi hiyo inamfaa bubu kama mimi. Sikujali. Yeye sikumwamini, lakini dawa ya babu niliiamini.

Kabla ya Krismasi alikuja Bi Hellen, mama mmoja wa mjini anayepima miti shamba, akaomba mzizi huo aone kama kweli unaponya. Mjomba alimnyenyekea hadi nikaona aibu. Alipoondoka, mjomba akasema wasomi ni wezi wanaonukia sabuni, akaniagiza nichimbe mzizi wowote nyuma ya choo nimpelekee, apime choo chetu.

Wiki iliyopita Bi Hellen alirudi. Alieleza taratibu kwamba panya walikwanguliwa ngozi, wengine wakapakwa dawa, wengine wakaoshwa tu kwa maji safi ya chumvi. Waliooshwa walipona. Waliopakwa walitunga usaha. Akamsihi mjomba asiendelee kuwapaka watu. Mjomba aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kisha mgeni alipofika barabarani akacheka mpaka akakaa chini. Sasa kila siku anawasimulia wateja jinsi alivyomfanya msomi awapake panya mzizi wa chooni. Wanacheka naye, wanamwita kiboko ya wasomi, halafu wananunua.

Juzi kiboko huyo alijikata kidole kwa chupa. Unga hakuugusa. Alikwenda zahanati akapita mlango wa nyuma, akarudi na bandeji, mkono ukiwa mfukoni, akaniambia dawa ya ukoo haimtibu mwenye ukoo.

Dada, sasa nisome vizuri. Mzizi wa chooni sikuupeleka. Niliona ni kumdharau babu, dawa yake kupimwa kwa uongo wakati ingeweza kupata heshima. Nilipanda mlimani nikachimba ule ule tunaouuza, nikaenda nao mjini bila kumsalimia mtu. Hata Bi Hellen aliponikaribisha mlangoni nilinyamaza, akadhani sina adabu, mpaka nilipoukabidhi mikononi mwake. Mwiko sikuuvunja. Dawa ilifika nzima, na ndiyo iliyoozesha vidonda vya wale panya.

Kwa hiyo kopo silitumi. Siku utakaposoma barua hii, mpeleke mama hospitali, hata akinuna, hata akisema nimesoma nikawa na kiburi. Mpe shikamoo yangu, na uwabusu watoto.

Mjomba hajajua bado. Kesho asubuhi nitakwenda Igoma nimwambie mbele ya wateja wake, akiwa amevaa koti lake. Naogopa sana, unanijua. Lakini nitakwenda kwa miguu, na njiani nitamsalimia kila mtu.

Mdogo wako,
Justa