Mstari wa Mitumbwi Mingine

Jumatatu, tarehe 8 Juni. Butembo

Ukungu tangu alfajiri. Vidole vimekufa kwa baridi, lakini kazi imesonga. Injili ya Marko kwa Kinande chepesi, kijitabu cha parokia kwa wazee wa mashirika, zile jumuiya ndogo za mitaani, ambao Kifaransa kinawapita na Kiswahili cha vitabuni kinawachosha. Padri na wenzake wanatafsiri na kusahihisha. Mimi napiga chapa na kupanga kurasa. Hakuna anayepanga kurasa kama mimi katika Butembo nzima, na kwa kuwa hakuna anayeniambia, najiambia mwenyewe.

Leo ukurasa wa dhoruba ziwani umenitesa. Mstari mmoja wa mwisho uliangukia karatasi iliyofuata, peke yake, juu ya weupe mtupu. Ubaya gani huo! Nikapunguza herufi, wapi. Nikatafuta la kuondoa. Pale wanafunzi wanapoondoka na Yesu mtumbwini, imeandikwa kwamba kulikuwa na mitumbwi mingine pamoja naye. Mitumbwi hiyo haifanyi kitu. Haionekani tena mpaka mwisho wa habari. Nikaifuta.

Ukurasa ukakaa sawasawa. Nimerudi nyumbani naimba, jirani akaniuliza kama nimepata mchumba.

Jumatano, tarehe 10 Juni. Beni

Nimeteremka Beni kuijaribu tafsiri kwa wasikilizaji, pamoja na Kasereka, mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa wa kalamu nyekundu. Padri yuko Kayna kwa mafungo, kwa hiyo wiki hii Kasereka ndiye chifu, na anatembea kichifu. Joto. Koti langu la Butembo nimelibeba mkononi siku nzima kama mjinga.

Kazi yenyewe naipenda. Nasoma habari mara mbili. Msikilizaji, ambaye hajaiona karatasi, anaisimulia tena kwa maneno yake. Kasereka anaandika. Alichosahau kinawekewa alama, alichoongeza kinazungushiwa wino mwekundu. Msomaji haruhusiwi kutia neno, hata kuguna. Kwa mdomo wangu hiyo ni adhabu.

Msikilizaji wa leo ni Koko Masika, bibi mjane, mzaliwa wa Kyavinyonge kule ziwani, ameuza samaki hapa Beni tangu sijazaliwa. Hasomi. Alisikiliza huku anachambua maharage. Kisha akasimulia. Mungu wangu, alivyosimulia! Upepo aliupuliza kwa mdomo wake, kuku wakakimbia. Na kabla Yesu hajaondoka ufuoni, akapanga mitumbwi mingine nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono.

Ile ile niliyoifuta. Kasereka akazungusha wino mwekundu. Mwisho akamwambia kwa adabu kwamba mitumbwi hiyo haimo. Koko akamtazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

“Mwalimu, nani anaingiaka mu ziwa na mutumbwi moja? Ile ingine iko. Miye nasikiaka ile habari mu kanisa, miaka yote.”

Kasereka akatabasamu. Akaandika chini ya ukurasa, nikaona: Msikilizaji anaongeza mambo yake. Asiitwe tena.

Sheria inasema msomaji asiseme. Nilijificha nyuma ya sheria. Mama wa watu anaitwa mwongo wa Injili kwa sababu yangu, na mimi nikaaga, nikasema asante kwa maharage aliyonifungia.

Alhamisi, tarehe 11 Juni. Beni

Tumemsikiliza mzee mmoja habari ya mpanzi. Alisahau nusu. Hakuna aliyemfukuza.

Kichwa changu hakipo. Tangu utoto nilidhani kitabu kile kilishuka kimekamilika, na jalada lake. Sasa nimeona kinapopitia. Kinapitia mezani kwangu! Karatasi haikunipendeza, nikakata. Na wale wa zamani, walioandika kwa mkono, macho yakiwauma, ngozi ya kuandikia ikiwaishia? Wangapi walikata? Nani alikuwa nyuma yao akiwaangalia?

Nina hasira na mimi, na wao, na karatasi. Tulimzika baba kwa maneno ya kitabu hiki. Niliyashika mpaka leo. Sasa nayagusa kwa woga, kama ngazi ambayo nimeona msumari wake mmoja umelegea.

Na Jumatatu kijitabu kinakwenda kwa mchapaji.

Ijumaa, tarehe 12 Juni. Beni, kisha Butembo

Nimelala kwa Mama Aisha siku hizi mbili, rafiki yangu tangu sekondari. Mumewe anaendesha lori la mizigo, Waislamu wa hapa hapa Beni. Asubuhi aliniona nachezea chai tu. Nikamwambia yote, maana kwa watu wa kanisa niliona haya.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa mstari wa karatasi! Nilitaka kununa, nikashindwa, nikacheka naye. Halafu akaniambia jambo la msikitini kwao. Imamu akisoma mbele ya watu akaruka aya au akakwama, mmoja wa walio nyuma anaisoma kwa sauti, imamu anairudia, sala inaendelea. Hakuna anayemshangaa wala kumsema.

“Imamu ni mutu,” alisema. “Lakini bale ba nyuma bako na yote mu kichwa.”

Akanimiminia kikombe cha pili. Nikabaki nimekishika. Walio nyuma. Nimekuwa nikiuliza nani alikuwa nyuma yao, na juzi nyuma yangu alikaa Koko Masika na ungo wake. Nilichokata nilikikata kwenye karatasi tu. Kwake kilikuwepo, kimekaa, akakirudisha mahali pake bila kujua kuna mtu amekiondoa. Na sisi tumeandika asiitwe tena.

Njiani kurudi Kasereka alisinzia begani kwangu, faili la wino mwekundu mapajani. Mara mbili nilifungua mdomo nimwamshe. Mara mbili niliufunga. Mwoga, mwoga kabisa.

Jumamosi, tarehe 13 Juni. Butembo

Asubuhi nilipanga Biblia tatu mezani. Ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya baba iliyolika na panya. Mstari umo katika zote. Hata panya wameuacha.

Nilikaa nao muda mrefu. Haufanyi kazi yoyote, hilo nilikuwa na haki. Mtu anayetunga hadithi asingeweka mitumbwi asiyoitumia. Huyu aliiweka kwa sababu siku ile ilikuwepo, mtu akaiona, akasema. Na kila aliyenakili baada yake angeweza kuifuta kwa urahisi kama mimi. Labda wako waliofuta. Kukawa na mwingine aliyeijua, akairudisha. Mkononi mwangu mstari huo haukudumu hata siku moja, na kabla yangu umepita mikono ya watu wangapi waliochoka! Roho wa Mungu anafanyaje kazi yake sijui, sikusomea hayo. Naona tu kwamba hakumtegemea mpiga chapa peke yake. Nimefurahi sana kwa hilo. Nimecheka peke yangu, na Biblia ya baba mkononi.

Saa nane Padri amerudi. Nimemfuata, Kasereka akiwepo, nikasema yote kwa mfuatano mmoja bila kupumua. Nilifuta mimi. Koko hakuongeza kitu. Nilinyamaza mimi.

Kasereka alitazama kalamu yake. Padri alicheka kwanza, alipofika kwa Koko akaacha kucheka. Akaniuliza kama yule mama anajua. Nikasema hapana. Akasema basi kijitabu kinamngoja yeye, mchapaji atavumilia. Sharti niende mwenyewe, nikaseme mbele ya shirika lake, si kwa simu. Nilitegemea kufukuzwa kazi. Badala yake amenirudishia makosa yangu ya chapa ya mwaka jana pia, nayo nirekebishe.

Nimeurudisha mstari. Ule wa mwisho umeangukia tena karatasi ya pili, peke yake, mbaya vilevile. Nimeuacha.

Jumanne, tarehe 16 Juni. Beni

Watu wa shirika walikutana uani kwa Koko saa tisa, wachache, viti vya kuazima. Nimesimama, nimesema. Kasereka naye akasimama, bila kuombwa, akafungua faili lake na kukata yale maneno ya chini ya ukurasa mbele yao wote, kwa kalamu ile ile nyekundu. Nimeanza kumpenda kidogo, yule chifu.

Nilingoja Koko anikaripie. Alisema tu, “Soma, mwana wangu. Soma na yote.”

Nikasoma na yote. Nilipofika kwenye mitumbwi mingine akaacha kuchambua. Nikaendelea mpaka upepo ukatulia na maji yakalala. Watu wakaitika, wakaanza kuondoka na viti vyao. Koko akanishika mkono nisiinuke.

Akanieleza polepole, kwa Kinande, tukiwa tumebaki wawili. Mume wake alikuwa mvuvi. Siku ya dhoruba walitoka Kyavinyonge mitumbwi mitatu, mumewe katika ule wa mwisho. Wa kwanza ulirudi, kijiji kikaimba. Wa pili ukarudi. Hakuna aliyewahi kumsimulia kitu juu ya ule wa tatu, maana hakuna aliyeuona. Jumapili moja, bado ana kilemba cha matanga, akasikia kanisani kwamba siku ya Yesu nayo kulikuwa na mitumbwi mingine. Hakusikia tena mahubiri ya siku hiyo. Alikaa anawaza jambo moja, kwamba Yesu aliponyamazisha maji, hayakunyamaza chini ya mtumbwi wake tu.

“Maji ni moja,” alisema kwa Kiswahili, akanipigapiga mkono kana kwamba mimi ndiye mjane.

Kisha akaniomba nimwonyeshe mstari wenyewe uko wapi kwenye karatasi. Nilichukua kidole chake, nikakiweka hapo. Akakipitisha taratibu mpaka mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akakipitisha tena.