Ndege Niliyokataa Kuisaini

Shoga, hebu sikia haya! Nimekataa kusaini ndege ya serikali iruke, na waziri keshafunga mkanda!

Nimekuta bomba la breki linavuja, gurudumu la kushoto. Bosi ananiambia, "Futa na kitambaa, saini." Futa na kitambaa! Mbele ya mafundi wote!

Nikamwambia, "Leseni ina jina langu, mzee. Nimeisotea miaka mitano. Saini wewe."

Kalamu hakuigusa. Akaniambia kazi sina.

Mara waziri akashuka, akauliza kulikoni. Nikamwonyesha. Akaligusa lile bomba, akatazama vidole vyake, akamgeukia bosi: "Wewe ungepanda?"

Bosi akaagiza bomba jipya!

Kesho akitaka kunifukuza tena, anifukuze. Sasa hivi niko chini ya bawa, nabadilisha bomba.