Kidude cha Fikiri

Mahona, soma hii ukiwa peke yako.

Unakumbuka kile kidude cha GPS nilichochomeka kwenye kishkwambi ili nisipotee na mtumbwi Mto Ugalla? Alinifungia Fikiri, fundi simu wa Ipuli, tena kwa bei ya kutupa.

Leo kaniuliza sokoni, "Mizinga yako ya pale mto unapokunja, nyuki wameshaingia?"

Pale mto unapokunja. Hata mke wangu hapajui. Marehemu baba alinionyesha mimi tu.

Namuuliza nani kamwambia, anacheka, eti watu wanaongea. Watu gani?

Nimefungua kishkwambi. Akaunti iliyomo ni yake, kila ninapopita anaona.

Sijakizima. Kesho nakuletea, ukienda kuvua pita nacho bwawa la viboko. Tuone nani atafuata asali huko.